Rivyu: chama cha wafanyakazi na wanasheria wa bure ndani ya UN, wanamlinda kila mtu sawa?

Hii rivyu nawaandikia hasa nyie mlioajiriwa UN kwa ngazi za G (makarani, madereva na wasaidizi wanaoajiriwa pale pale kituoni), maana ndio tunaoambiwa kila siku kwamba chama ni cha wakubwa na sisi tukae kimya. Nimetumia huduma mbili, chama cha wafanyakazi cha shirika langu (shirika lenyewe silitaji) na ile Ofisi ya Msaada wa Kisheria kwa Wafanyakazi ambayo wote tunaiita OSLA. Kwa pamoja nazipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja iliyokosekana ntaieleza huko chini na naomba msiiruke.

Kwanza mjue mmesimama wapi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945 hauna kona kona, ibara ya 8 inasema wanaume na wanawake wanaweza kushika nafasi yoyote kwa masharti sawa, na ibara ya 101 inasema cha kwanza kwenye kuajiri ni ufanisi, uwezo na uadilifu, alafu watu watoke sehemu nyingi za dunia kadri inavyowezekana. Ila mishahara yetu inapimwa kwa mizani mbili. P na D, yaani wataalamu na wakurugenzi, wanalinganishwa na serikali inayolipa watumishi wake vizuri kuliko zote, na miaka yote hiyo imekuwa serikali kuu ya Marekani, sisi wa G tunalinganishwa na waajiri wanaolipa vizuri pale pale tunapofanyia kazi. Ina sababu zake na sizipingi, mtu aliyehamishwa na familia kutoka mbali ana gharama ambazo mi sina. Shida ni pale tofauti ya mshahara inapogeuka kuwa tofauti ya heshima, mpaka mtu wa G akichangia hoja kwenye kikao watu wanasubiri P airudie ndio waiandike.

Sasa yaliyonipeleka chamani. Ilitangazwa nafasi ya G-7, kazi ambayo nilikuwa naikaimu tayari na ripoti zangu za mwaka zote safi, nikaomba, nikaondolewa kabla hata ya mtihani wa kuandika kwa maelezo kwamba uzoefu wangu hautoshi, wakati tangazo lenyewe liliomba uzoefu nilionao na zaidi. Wenzangu wakaniambia achana nao utajiharibia. Mwakilishi wa chama niliyempata alikuwa mama mmoja wa P-4, mtu wa bara lingine kabisa, na nakiri nilitegemea anipoze tu kwa maneno matamu. Hakunipa pole wala nini, swali lake la kwanza: "Barua uliipokea tarehe ngapi?"

Hilo swali ndio kila kitu jamani. Ukitaka kupinga uamuzi wa kiutawala una siku 60 tangu ujulishwe kuomba menejimenti iupitie upya, ukichelewa, mara nyingi kesi inafia hapo hata kama haki ni yako, na watu wengi wanazimaliza hizo siku wakilalamika kantini. Aliniunganisha na OSLA siku ile ile. Mwanasheria akasoma tangazo na fomu yangu mstari kwa mstari, akaniuliza maswali makavu sana, akaniambia wazi kwamba wao hawabebi kila kesi, wanaangalia kwanza kama ina miguu. Yangu ilikuwa nayo. Menejimenti ilipopitia ikakubali mchujo haukufuata tangazo, paneli ikaanza upya na jina langu ndani. Nafasi alipata mwenzangu mwingine na alistahili, mtihani niliuona na intavyuu niliifanya, sina kinyongo hata kidogo. Nilichokuwa natafuta ni kushindanishwa sawa na wengine, na hicho nilikipata.

Bei? OSLA hulipii kesi. Ilikuja na mfumo mpya wa haki ulioanza Julai 2009, ule wenye mahakama ya migogoro New York, Geneva na Nairobi, na wafanyakazi tunaichangia OSLA asilimia 0.05 ya mshahara msingi halisi kila mwezi, yaani kwenye kila 2,000 inaondoka 1. Unaruhusiwa kujitoa ila msijitoe tafadhali, hiyo 1 yako ndio inayomlipia dereva wa ofisi nyingine ambae hutamjua kamwe.

Kwa chama chenyewe, nilichokipenda ni kwamba katibu wetu ni dereva, na vikao vinapangwa saa ambayo magari yameshaegeshwa ili nao wawepo. Kitu kidogo lakini kabla ya hapo vikao vilikuwa vya watu wa ghorofani tu. Na umoja una faida inayoonekana, tangu Januari 2023 likizo ya uzazi ni wiki 16 kwa kila mzazi, baba na aliyeasili mtoto pia, na aliyejifungua anaongezewa 10, wakati zamani baba alikuwa anapewa wiki 4 tu kwenye vituo vingi. Tukigawanyika nako matokeo yanaonekana. Kumbukeni Geneva, marupurupu ya gharama za maisha yalipunguzwa, watu wakasimamisha kazi 2018, mwaka uliofuata Mahakama ya Kiutawala ya ILO (Shirika la Kazi Duniani) ikatengua makato kwa mashirika yaliyo chini yake, ila wale walio chini ya mahakama za UN walishindwa. Mji mmoja, ngazi moja, mshahara tofauti! Mi naona hapo ndio vyama vyote vilitakiwa kusema kwa sauti moja tangu mwanzo mpaka mwisho.

Nyota iliyopotea sasa. Konsaltanti, intani na volontia hawawezi kufungua kesi kwenye mahakama hizo, na OSLA haiwabebi. Nina mwenzangu anafanya kazi ile ile kama yangu, anaingia saa ile ile, kontrakti yake ni ya ukonsaltanti na inakatwa na kuanzishwa upya mara kwa mara, alipoenguliwa kama mimi alikuja na barua yake mkononi na yule mama wa P-4 akabaki anaitazama tu. Hilo silisamehi. Huwezi kuandika usawa ukutani halafu mlango wa haki uufungue kwa aina ya kontrakti.

Kwahiyo kama wewe ni staff jiunge na chama wiki hii, usisubiri yakukute, tafuta mwakilishi hata kama sio wa ngazi yako, na barua yoyote ukipewa andika tarehe ya kuipokea juu yake kabla hujaisoma. Na kwenye kikao kijacho mpigie kura mgombea aliyetaja konsaltanti kwenye sera zake, kwetu tayari tunae mmoja.