Stilihedi wangu wa kwanza: siku moja na mwongozaji wa uvuvi kwenye Mto Sandy, Oregon

Ndugu zangu wa Portland, Salem na hata Seattle mmeniuliza mara nyingi: kumlipa mwongozaji akupeleke kuvua stilihedi inafaa, au ni kutupa hela mtoni? Mimi nililipa dola 225 kwa siku moja, Februari 2024, katika Mto Sandy. Imefaa. Nitaeleza kwa nini, pamoja na mambo mawili ambayo hayakunipendeza.

Mimi ni mtu wa Pangani. Kuvua nimefundishwa na mjomba wangu ndani ya ngalawa, kwa mshipi wa mkono: ndoana, chubwi, kipande cha ngisi, na mshipi umelala juu ya kidole cha shahada, umekazwa wakati wote. Changu akidonoa unamsikia kidoleni. Unakung'uta, unavuta mkono baada ya mkono, humpi nafasi ya kupumua. Nilipohamia Oregon miaka minane iliyopita nilikuja na kidole hicho, nikaona kinatosha. Misimu miwili ya baridi nilisimama ukingoni mwa Sandy, Jumamosi kwa Jumamosi, mvua inaninyeshea, sikuambulia kitu. Watu waliosimama hatua ishirini kutoka kwangu walikuwa wanapata. Iliniuma sana, maana uvuvi ni kitu ambacho sikuwahi kukihesabu kama kigeni kwangu.

Kwa asiyemjua, stilihedi ni trauti aliyekwenda baharini. Ni spishi ileile ya trauti wa upinde wa mvua wanaofugwa Kiganjo kule Nyeri. Huyu wa huku anazaliwa mtoni, anakaa hapo mwaka mmoja hadi mitatu, anashuka mpaka Bahari ya Pasifiki, anakula huko mwaka mmoja hadi mitatu mingine, halafu anarudi kwenye mto wake akifuata harufu ya maji aliyozaliwa. Akiingia tu kutoka baharini anameta kama sahani ya fedha. Samoni wa Pasifiki akishazaa anakufa, lakini stilihedi wengine hurudi baharini na kuja kuzaa tena. Wamarekani humwita samaki wa mitupo elfu moja, na sababu ni kwamba akiwa safarini kwenda kuzaa hana haja kubwa ya chakula. Hakufuati. Chambo ndicho kimfuate, kimpitie puani kabisa, tena kwa mwendo wa maji anayoyajua. Sababu hii nilikuwa nimeisikia miaka yote miwili. Kuisikia tu hakukunisaidia.

Tuanze na makaratasi. Mbali na leseni ya kawaida ya uvuvi ya Oregon, unahitaji kadi ya samoni na stilihedi, na nyongeza ya bonde la Mto Columbia kwa sababu Sandy unamwaga humo. Kwangu mimi, mkazi wa jimbo, vyote vitatu vilifika karibu dola 100 mwaka ule. Mwongozaji hakulipii hivyo. Na yeye mwenyewe lazima awe amesajiliwa na Oregon State Marine Board, bodi ya jimbo ya mambo ya mashua. Mwombe namba yake ya usajili kabla hujatuma senti. Wangu alinitumia bila kuulizwa mara mbili.

Tarehe ya kwanza tuliyopanga haikufanyika. Ilinyesha siku tatu mfululizo, mto ukapanda na kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Jioni ya kuamkia safari akanipigia, akasema kesho ningekuwa nalipia matembezi tu, samaki hatakiona chambo. Malipo ya awali akayahamishia tarehe nyingine bila kunikata kitu. Hili nalisifu kwa moyo wote, kwa sababu mimi nisingejua. Ningekwenda, ningetupa kutwa nzima, na ningerudi nikijilaumu. Alinieleza pia kwamba vipimo vya kina cha mto huwekwa mtandaoni na shirika la serikali la USGS, bure, na anachosubiri ni maji yanayoshuka baada ya mvua, yakiwa ya kijani kiasi kwamba ukiingia mpaka magotini bado unaviona viatu vyako, ukiongeza hatua mbili huvioni. Siku hizi hiyo ndiyo kanuni yangu kabla ya kuwasha gari.

Tukaonana Oxbow, bustani ya umma kando ya mto, kukiwa bado giza. Mashua yake ni ya makasia, omo na tezi zimenyanyuka kama ganda la ndizi, aina iliyoundwa kwa ajili ya mito ya Oregon yenyewe, McKenzie na Rogue. Tungeshuka nayo kutoka Oxbow hadi Dabney, bustani nyingine chini zaidi mtoni. Sasa sikilizeni jambo ambalo wageni wengi hawalijui: katika sehemu hiyo ya Sandy sheria hairuhusu kuvua ukiwa ndani ya chombo. Mashua inakubeba tu, ukifika mahali unashuka kwenye changarawe, unaingia majini kwa miguu, unatupa. Nilipoisoma habari hii niliona hasara. Ilikuwa faida kuliko zote, kwa sababu kila tuliposhuka alinikalisha kwanza kwenye jiwe, hakunipa fimbo, akaniuliza: yuko wapi?

Mara ya kwanza nilinyoosha kidole kwenye kilindi kikubwa, cheusi, kimetulia. Ndipo nilipokuwa nikitupa misimu miwili. Akatikisa kichwa. Samaki anayesafiri, akasema, hataki kupigana na maji wala hataki kulala. Anataka maji yanayokwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, yenye kina cha kimo cha mtu hivi, chini kuna mawe makubwa ya kujikinga. Akanionyesha mshono, pale maji ya kasi yanapokutana na ya polepole, mstari unaouona kwa povu. Akanionyesha mkia wa kilindi, pale maji yanapoanza kupungua kina kabla ya kuporomoka tena, ambapo samaki aliyetoka kupanda maporomoko husimama kupumzika. Nilikuwa napita hapo kila wiki nikitafuta mahali penye kina. Kwetu baharini tunasoma mwamba, tunasoma maji kupwa na maji kujaa, tunapanga alama kwa minazi ya pwani. Mto nao una alama zake, na hakuna aliyekuwa amekaa nami kunisomesha.

Zana alizonipa: fimbo ya futi 9 na nusu, rili (gurudumu la kukunjia mshipi), mshipi wa kusokotwa unaoelea, chelezo, chubwi ndogo, halafu mshipi mwembamba usioonekana wenye ushanga mmoja wa rangi ya chungwa iliyofifia, mfano wa yai la samoni. Ushanga huo haugusi ndoana. Anaubana kwa kijiti cha kuchokolea meno, vidole viwili juu ya ndoana, ili samaki akiuuma ndoana imnase pembeni mwa mdomo, isiingie kooni. Chelezo kinapokwenda na maji, mshipi ulio nyuma yake unashikwa na mkondo na kukivuta. Lazima uinue fimbo, uurushe mshipi upande wa juu, ukiache chelezo kiende chenyewe. Fanya hivyo tena. Na tena.

Hapo ndipo kidole changu kiliponiponza. Mshipi ukilegea mimi nahisi nimemkosa samaki hata kama hayupo, basi naukaza. Nikiukaza, chelezo kinasita, ushanga unanyanyuka kutoka chini, na samaki anaona kitu kisichokwenda kama maji. Misimu miwili nilikuwa nafanya hivyo kila mtupo! Karibu saa tatu na nusu asubuhi, kwenye kituo cha pili, chelezo kilizama. Kilizama mbele ya macho yangu, na mimi nikasubiri kukisikia kidoleni. Hakuna nilichosikia, mshipi ulikuwa umelegea kama ulivyopaswa kuwa. Kikaibuka. Mwongozaji hakunifokea. Alisema, taratibu, kwamba mkono wangu hautajua kitu hapa, jicho ndilo litakalojua, na jicho likiona, mkono usiulize.

Sasa yale mawili yasiyonipendeza. Ovaroli la mpira aliloniazima lilikuwa na tundu mguu wa kushoto. Maji ya Februari yanayotoka Mlima Hood si maji ya kuingia kwenye soksi. Ilipofika saa tano vidole vilikuwa havina habari. Alikuwa na jozi moja tu ya saizi yangu. Mtu anayetoza pesa hizi anapaswa kujaza ovaroli lake maji na kulikagua kabla ya mteja kulivaa. La pili, chakula. Nilimwandikia mapema kwamba mimi ni Mwislamu, bado akaja na mkate wenye nyama ya nguruwe. Aliomba radhi kwa dhati na akanipa matunda na karanga zake, lakini siku ya baridi namna ile nilihitaji kitu cha maana tumboni. Bebeni chakula chenu na chupa ya chai.

Tukaendelea kushuka. Njiani akanisimulia kuhusu bwawa la Marmot, lililokuwa limeuziba mto huu juu zaidi tangu 1913. Mwaka 2007 lilibomolewa, mafuriko ya Oktoba yakamalizia kazi, na tangu hapo Sandy unateremka kutoka barafu ya Mlima Hood mpaka Columbia bila kizuizi. Nilifurahi kusikia hivyo. Mto wetu wa Pangani nao unaanzia milimani, Kilimanjaro na Meru, na mabwawa yake nayafahamu. Tena maji ya bomba tunayokunywa Portland yanatoka Bull Run, ambao ni mkono wa Sandy huu huu. Miaka minane nayanywa.

Saa sita kasoro, kituo cha nne. Mkia wa kilindi, mshono uko hatua kumi na tano kutoka nilipo, maji yamenifika juu ya magoti. Mitupo mitano, sita. Wa saba nikauinua mshipi, nikaurusha upande wa juu, nikauacha ulegee kabisa. Chelezo kikatembea. Kikazama, bila mshindo, kama kimevutwa na mtoto. Sikusubiri kidole. Nikapiga fimbo kwa ubavu kuelekea ukingoni, na upande wa pili kukawa na uzito ulio hai.

Aliruka. Kimo cha mtoto juu ya maji, mweupe, akaanguka, akaruka tena. Halafu akageuka kufuata mkondo na rili ikaanza kulia. Mkono wangu wa kushoto ulikwenda kuushika mshipi wenyewe, kama ninavyomzuia kolekole asiingie mwambani. "Mwache aende!" mwongozaji akapaza sauti. Nikauondoa mkono. Sijui kama kuna kitu kigumu zaidi nilichofanya mtoni kuliko kule kuondoa mkono. Breki ya rili ikafanya kazi yake, nami nikatembea ukingoni nikimfuata. Alikwenda mara tatu, kila safari fupi kuliko iliyotangulia. Dakika kumi hivi. Miguu ilikuwa inatetemeka na baridi sikuisikia tena.

Wavu ulipomzunguka tulimwacha ndani ya maji. Jike, kilo nne kwa makadirio yake. Mgongo wa kijani cha chuma, ubavu wa fedha, nukta ndogo nyeusi. Mwongozaji hakutazama ukubwa. Alitazama lile pezi dogo laini lililo karibu na mkia. Samaki wa kuzalishwa vituoni hukatwa pezi hilo wakiwa wadogo, na hao ndio unaoruhusiwa kuwachukua. Wangu alikuwa nalo zima. Samaki wa asili. Stilihedi wa asili wa eneo hili wamo katika orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini tangu 1998, sheria ni kumrudisha. Nilimshika shina la mkia, kichwa kikielekea mkondo, magamba baridi kama kioo. Nikahisi nguvu zinamrudia kiganjani mwangu, kidogo kidogo, mpaka akapiga mkia mara moja na hakuwepo.

Nililia, naandika hivyo bila kuficha.

Sikupata mwingine. Nampa mwongozaji nyota nne kati ya tano. Ya tano ameizamisha na ovaroli. Ongezeni bahashishi kwenye hesabu, mimi nilitoa dola 45. Anayetafuta kitoweo tu, kwa fedha hizo atapata samoni wengi dukani. Lakini kama umeshasimama mtoni msimu mzima bila kitu, na unapenda kweli kuvua, lipa siku moja, na uliza maswali kila kituo. Mimi nimesharudi peke yangu mara tano tangu siku ile. Nimepata wawili, mmoja alikuwa hana pezi, tukamla kwa nazi.

Jioni ile, saa mbili usiku huku, Pangani saa moja asubuhi, nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Umempata?"

"Nimempata. Kilo nne."

"Mmeshampika?"

"Nimemrudisha majini. Sheria ya huku." Nikamweleza habari ya pezi. Akanyamaza kidogo, nikadhani simu imekatika.

"Na mshipi," akauliza, "uliushikaje?"

Nikamwambia sikuushika, niliulegeza, nikawa natazama chelezo. Akaniambia nimweleze tena, polepole, kuanzia nilipoingia majini.