Tahadhari: muuza samaki wa diskasi wa bandarini Malindi, Unguja, anauza wazee kwa bei ya watoto

Jamani, nimekaa na hili wiki mbili naona haya. Mke wangu, Mama Suhaila, kanambia niandike au ninyamaze moja kwa moja, lakini nisiendelee kunung'unika jikoni. Basi naandika. Kuna mtu anakuja na boti ya jioni kutoka Dar, ana boksi jeupe lile la kuhifadhia barafu, anauza diskasi wadogo, wale samaki wa kufuga kwenye tangi la kioo, wa duara kama sahani. Msinunue kwake. Ni mwizi. Kanichukulia shilingi 330,000 macho yangu yako wazi, na namba ya siri nimeibonyeza mwenyewe.

 Tangi langu la samaki ni la lita 300. Nimelilea miezi minane majani tupu na vijisamaki vya kadinali, kwa sababu nilitaka likomae kwanza. Yale majani marefu kama utepe yameshafika juu ya maji, na ule mmea wa anubiasi umeshika gogo zima. Kilichobaki ni diskasi, na diskasi nawataka tangu niko skuli. Zamu yangu ya upatu ilipofika mwezi wa tatu, nikasema ndio sasa.

Bei tulikubaliana kwa simu: sita, kila mmoja 55,000. Alinitumia video, watoto wa diskasi wanang'ara, wanagombania chakula kwenye tangi tupu lisilo na mchanga. Nikamtumia arubuni 150,000. Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu adhuhuri. Akanipigia: "Nishateremka, shekhe wangu, niko nje ya geti, upande wa wachukuzi." Nimefika pale magharibi inakaribia, wingu zito, taa za barabarani bado hazijawashwa. Kavaa kofia safi, mpole, boksi liko baina ya miguu yake. Nikamwamkia, akaniuliza hali ya nyumbani, watoto, mvua. Kisha akafungua kifuniko kidogo tu, kiasi cha kupenya mkono.

Ndani mna mifuko mitatu. Miwili yangu, na mmoja akasema ni wa mteja wa Chake Chake, kesho utavuka kwenda Mkoani. Maji ni ya buluu iliyokolea kama wino. Nikamuuliza mbona hivi? "Dawa ya safari, inawakinga na ukungu." Na dawa hiyo ipo kweli, watu wa samaki wanaitumia. Nikatoa simu niwashe tochi niwaone. Hapo ndipo akauweka mkono wake juu ya wangu, taratibu, kama unavyomzuia mtoto asiguse jiko. "Usiwamulike. Diskasi mtoto ana moyo mwepesi. Ukimstua sasa, asubuhi unamkuta kalala ubavu."

Nikazima tochi.

Nikainama, nikahesabu vivuli. Sita, kila kimoja kiasi cha biskuti. Adhana ikaanza. Akafunga boksi akasema, "Twende tukaswali kwanza, hizo zilizobaki utanitumia ukifika nyumbani, sina haraka na wewe." Ndugu zangu, mtu anayekwambia pesa baadaye utamshuku vipi? Niliona aibu hata kwa kuitoa ile tochi. Nikamtumia 180,000 palepale, kwenye ngazi za msikiti, kabla sijavua viatu.

Wengine mtasema ningekuwa na akili. Nasema hivi: mtu huyu anawajua samaki. Si mbabaishaji. Kwenye simu aliniuliza mwenyewe maji yangu ni ya wapi, nikamwambia bomba na mvua, akasema maji ya Unguja yanapita kwenye mawe ya chokaa, ni mazito kwa samaki wa Amazon, changanya na ya mvua na utie majani makavu ya mkungu yatoe rangi ya chai. Yote sahihi. Alinieleza diskasi wanavyolea, namna vitoto vinavyobandikana kwenye ubavu wa baba na mama vikila ule ute wa ngozi. Alinambia joto lisishuke chini ya 28. Tena akanishauri nisiwakuze kwenye tangi la majani, kwa sababu mtoto anakula mara tano kwa siku, na chakula kinachoanguka kwenye mizizi kinaoza na kuharibu maji. Muuzaji gani mwenye njaa ya pesa anakukatisha tamaa hivyo? Nikamwambia nitafyonza uchafu kila siku kwa mpira. Akasema, "Basi kama una moyo huo, watoto wangu wako mahali pema."

Watoto wangu. Neno hilo linaniuma mpaka leo.

Akaniagiza usiku ule nisiwashe taa, nisiwape chakula, na nisishangae wakijificha siku mbili tatu. Hilo nalo ni kweli, samaki aliyetoka safarini ndivyo alivyo. Sasa mnaona anavyofanya kazi? Hakunambia uongo hata mmoja kuhusu diskasi. Uongo wake wote ulikuwa mle ndani ya mfuko. Na kila agizo lake, sahihi namna hiyo, lilinichelewesha kuwatazama.

Wiki kumi nimewalea. Moyo wa ng'ombe nanunua Darajani, natoa mafuta na mishipa yote, nasaga na uduvi, nagandisha bapa jembamba, kisha navunja vipande. Mara tano kwa siku. Nikiwa kazini Mama Suhaila anawapa, na mwenyewe hapendi kuushika. Kila jioni natoa ndoo sita za maji na kutia sita, maji ya mvua na ya bomba yaliyolala usiku mzima klorini iondoke. Umeme ukikatika naamka kuangalia kipimajoto. Na hawakui. Wanakwenda kwenye chakula, wanatia mdomoni, wanatema. Wanasimama nyuma ya gogo, weusi, mapezi wameyabana. Kinyesi cheupe, kinaning'inia kama uzi. Nikimtumia picha anajibu: umebadilisha maji mengi mno. Wiki inayofuata: umebadilisha machache mno. Na mie nikimwamini, nikijilaumu.

Wa kwanza kafa wiki ya tano. Nilimtoa kwa mkono. Juu ya macho, pale panapotakiwa kuwa na nyama, pamekonda, ncha kama ya kisu. Jicho kubwa, limejaa uso mzima. Suhaila akaniuliza, "Baba, mbona ana sura ya mtu mzima?" Nikamwambia aende akalale. Mtoto wa miaka saba ameona, mie sikuona.

Mwezi uliopita kaja ami yangu, yule aliyefuga samaki Dar miaka mingi. Hakukaa hata kitako. Kasimama mbele ya kioo, kanyamaza, kisha kaniuliza nimewanunua wana umri gani. Nikamwambia miezi miwili na nusu. Akasema, "Hawa si watoto. Hawa ni watu wazima waliodumaa. Mwili umegoma, jicho halikugoma." Akanionesha: mtoto mwenye afya umbo lake ni duara na jicho ni dogo kwa mwili wake. Hawa wangu wamekaa kama yai, jicho limetuna. Ni samaki waliolelewa kwa njaa na uchafu, wameshajaa minyoo, hakuna moyo wa ng'ombe utakaowarudisha. Mfugaji wa haki hawauzi. Huyu anawakusanya kwa bei ya takataka, anawatia maji ya buluu, anakuja kutuuzia sisi.

Nikampigia. Nilipotaja neno kudumaa akakata. Toka hapo namba yangu haipokei. Nilipomtafuta kwa namba ya Mama Suhaila akapokea kwa sauti ileile ya upole, "Karibu, bi mkubwa, nina diskasi wapya." Mwili ulinitetemeka. Nimekuja kujua kaka yetu wa Mbweni naye kauziwa wanne, na ile video aliyotumiwa ndiyo ileile niliyotumiwa mie, samaki walewale, tangi lilelile, hata kile kipande cha bomba kilichovunjika pembeni.

Nimekwenda kwa sheha, kanipa barua, nimepeleka kituoni. Mtu mmoja pale akaniuliza samaki wa kula au wa kutazama. Kwani wizi wa kitu cha kutazama si wizi? Nataka akamatwe na boksi lake mkononi, geti lilelile. Nataka arudishe shilingi zote 330,000, na za kaka wa Mbweni, na asikanyage tena bandari yetu na kiumbe hai. Kama anayeuza dawa iliyokwisha muda anafungwa, huyu kwa nini atembee? Sisemi apigwe, msije mkanielewa vibaya. Nasema afungwe, na wale waliomo ndani ya boksi lake wachukuliwe na mtu mwenye huruma. Maana samaki hawa wameteswa kabla hata ya kufika kwangu, na hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko pesa.

Mnaotaka kununua diskasi, kwake au kwa mwengine: maji ya rangi, usiyakubali, mwambie awahamishe kwenye maji meupe mbele yako. Nenda mchana. Tazama jicho. Taka video ya siku hiyohiyo wakiwa wanakula, na jina lako limeandikwa kwenye karatasi nyuma ya tangi. Akikwambia usiwashe taa, rudi nyumbani na pesa zako. Mengine ami yangu anayajua zaidi, anayetaka nitampeleka kwake.

Wamebaki wawili. Nimewatoa kwenye majani, nimewatia kwenye kioo kidogo kitupu, joto 30, wanakula kidogo asubuhi. Sitawauza wala kumpa mtu. Kadinali wangu nao wameanza kupungua, na sijui niwaombe radhi vipi.

Na wewe wa Chake Chake, uliyechukua ule mfuko wa tatu: kama bado hujawachanganya na samaki wako wengine, usiwachanganye. Nitafute leo, usiku wowote, nitapokea.