Kubangua korosho: uende kwa wenzio au umwite fundi?

Wabanguaji wadogo (wanaotoa korosho kwenye ganda) wa Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara, hawaachi kubishana: ili kujifunza kazi hii vizuri, mtembelee kikundi kingine au mwite fundi aje kuwafundisha? Kwa gharama, ziara inashinda: nauli na chakula basi. Ila wanakwenda wawili watatu, na wakirudi wanasimulia nusu. Fundi anataka posho na malazi, lakini kikundi kizima kinajifunzia kwenye mashine yenu, yenye visu vyenu butu.

Kwa wenzio unaona kazi halisi: korosho zinapigwa mvuke, zinaachwa zipoe, ndipo zinakatwa, mikono imepakwa mafuta ili utomvu wa ganda usiichome. (Wenyeji hawaoneshi kila kitu, biashara ni biashara.) Fundi naye akishaondoka, mazoea ya zamani hurudi upesi.

Mnaoanza, tembeleeni. Wenye mashine ila punje zinavunjika, mwiteni fundi.