Modeli ya tumbo la buibui: kazi nzuri, ila mfereji mmoja wameukosea

Nimekaa na modeli hii muhula mzima, kwa hiyo sisemi kwa kuiona pichani. Ni tumbo la buibui jike, yule wa utando wa duara, la plastiki ngumu, urefu wake kama dhiraa moja. Ubavu wa kushoto unafunguka kama mlango wa kabati. Ndani kuna tezi za hariri, kila aina na rangi yake, zimeshikwa kwa sumaku, unazichomoa moja moja.

Miaka yote nimefundisha kwamba buibui hutoa uzi, na wanafunzi wakabaki na picha ya uzi mmoja, kama wa cherehani. Safari hii niliwapa tezi mikononi. Aina saba! Ile nyekundu, ampuleti kubwa, hutoa uzi wa kuning'inia na fremu ya utando. Ampuleti ndogo hutoa mzunguko wa muda, jukwaa la fundi ambalo buibui huling'oa kazi ikikaribia kwisha. Pirifomu hutoa saruji ya kubandikia uzi ukutani au kwenye jani. Asinifomu hufungia mawindo, na tubulifomu hufuma mfuko wa mayai, ndiyo maana dume hana.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni chuchu za kutolea uzi. Ziko jozi tatu, na ncha zake zimechongwa kwa uangalifu wa hali ya juu. Kwenye chuchu ya nyuma ya pembeni utaona vijibomba vitatu vimekaa pamoja: kimoja cha flajelifomu, yenye uzi unaonyumbuka wa kunasia, na viwili vya agregeti, yenye gundi, vikipakana nacho huku na huku. Uzi unapotoka tu, gundi inaupokea. Nilikuwa nalijua hilo kwa kusoma, lakini kuliona kwa macho ni jambo jingine.

Sasa kasoro, na si ndogo. Mfereji wa ampuleti kubwa wameuweka umenyooka kama mrija wa soda. Katika buibui halisi mfereji huo ni mrefu, umejikunja mara tatu mithili ya herufi S, na unazidi kuwa mwembamba kadiri unavyoelekea kwenye chuchu. Uzi hutengenezwa humo! Kwenye mfuko wa tezi hariri ni protini ya majimaji, nzito. Ikipita mferejini maji hupungua, asidi huongezeka, protini zinavutika na kujipanga kufuata urefu wa uzi, na mwisho zinaganda. Ukiunyoosha mfereji umeifuta kazi yote hiyo. Mwanafunzi wangu mmoja aliutazama, akasema, "Kumbe anakamua, kama dawa ya meno." Hakosei yeye, amesoma kile alichoonyeshwa. Hariri haikamuliwi. Buibui huivuta, kwa mguu au kwa uzito wake akijiachia kutoka juu.

Niliwaandikia wauzaji, wakajibu kwamba wamerahisisha kwa ajili ya wanafunzi. Sikubaliani nao hata kidogo. Nilichukua mrija wa dripu, nikaulainisha kwenye maji ya moto, nikaukunja mara tatu, nikaupaka rangi nyekundu na kuupachika mahali pake. Unakaa vizuri. Ukinunua modeli hii, fanya hivyo kabla haijaingia darasani.

Sumaku za pirifomu nazo ni dhaifu, vipande vinadondoka. Ziongeze gundi kidogo.

Wiki ya mwisho tuliweka buibui hai kwenye chupa pana, tukapeana kioo cha kukuzia. Binti mmoja akaniuliza, "Mwalimu, mbona ule mguu wa nyuma anaugusisha kwenye chuchu kila mara?" Kabla sijafungua mdomo, yule wa dawa ya meno alikuwa ameshaushika mrija wangu mwekundu. "Anavuta," akamwambia, huku akiufuata kwa kidole kona baada ya kona.