Dalia kwa vipande: uzoefu wangu na mafumbo ya picha mtandaoni

Picha nzuri kabisa ya dalia mara nyingi ndiyo fumbo baya kabisa. Wapiga picha wanapenda ua moja katikati, halafu nyuma yake pote pamefifishwa pakabaki ukungu wa kijani. Ukiitundika ukutani inapendeza. Ukiikata vipande mia mbili, karibu nusu yake ni kijani kitupu kisicho na alama yoyote, na kazi yako inakuwa kujaribu kipande kimoja kimoja kwa kubahatisha meno yake. Hiyo si starehe, ni adhabu. Siku hizi kabla sijafungua fumbo naangalia kwanza pembe nne za picha, ua baadaye. Pembe zikiwa tupu, napita.

Tovuti ninayotumia zaidi ni Jigsaw Planet. Ni ya bure, ina albamu nyingi za maua ambazo watumiaji wenyewe wamezipakia, na inakuruhusu kupakia picha yako ukachagua idadi ya vipande, kuanzia 4 hadi 300, umbo la vipande, na kama viwe vimegeuzwageuzwa au vimesimama sawa. Kuna kitufe kinacholeta kivuli cha picha nzima nyuma ya uwanja wa kuchezea. Wapo watakaosema huko ni kuchungulia majibu. Kwa dalia nyeupe mimi nakibonyeza bila aibu yoyote.

Vipande vya kugeuzwageuzwa, hata hivyo, sivishauri kwa dalia. Kwenye picha ya nyumba au mashua unajua juu ni wapi, lakini petali ya dalia inatazama pande zote za dunia. Ugumu unaongezeka, utamu hauongezeki.

Utamu wenyewe uko kwenye maumbo. Dalia ni ya jamaa moja na alizeti, kwa hiyo kile tunachokiita ua ni mkusanyiko wa maua madogo mengi, na kila kinachoonekana kama petali ni ua dogo linalojitegemea. Nilikuwa nalijua hilo kwa kulisoma, ila sikuwahi kuliona mpaka nilipolazimika kulipanga kwa mkono. Chukua dalia za pomponi, zile ndogo za mviringo zenye kipenyo cha kama sentimita 5 hivi. Petali zake zimejikunja kama sega la nyuki, na zimejipanga kwa mistari inayozunguka kutoka katikati, mingine ikielekea kulia, mingine kushoto. Ukitazama haraka utasema vipande vyote vinafanana. Ukishaishika mistari ile, unagundua kwamba karibu na kitovu vijishimo ni vidogo na vimebanana, na kadiri unavyotoka nje vinapanuka na kulala upande. Ukubwa wa kijishimo unakuambia kipande kinakaa umbali gani kutoka katikati, na mwinamo wake unakuambia kiko upande gani. Fumbo la pomponi lenye vipande 200 ndilo ninalolipenda kuliko yote, na ndilo linalochelewesha chakula cha jioni.

Dalia za kaktasi ni rahisi zaidi. Petali zake zimejiviringa zikawa nyembamba na zenye ncha, kila moja ikielekeza kidole nje, kwa hiyo kipande chenyewe kinakuonyesha njia. Zile zenye kola zinafurahisha kwa namna yake: duara la petali pana nje, ndani yake kola ya vipetali vifupi ambavyo mara nyingi vina rangi tofauti, kisha kitovu cha njano cha chavua. Unajenga duara ndani ya duara. Kwa mtoto, au kwa mtu anayeanza, hapo ndipo pa kumpeleka, tena kwa vipande visivyozidi hamsini.

Aina ya dalia iitwayo Café au Lait ni habari nyingine. Watu wanaipenda kwenye mashada ya harusi, ua kubwa kama sahani, rangi ya maziwa yaliyotiwa kahawa kidogo. Shida yake ni kwamba ua moja lina krimu, pichi na waridi hafifu vikiingiliana bila mpaka. Ukigawa vipande kwa rangi, kama tulivyozoea wote, unajichanganya. Hapo unafuata kivuli kilicho chini ya kila petali, si rangi yake. Na Bishop of Llandaff, ile dalia nyekundu ya Wales ya miaka ya 1920, ina majani ya zambarau iliyokolea hadi karibu nyeusi. Kwenye fumbo, majani na giza lililo nyuma yake vinakuwa kitu kimoja. Ua nalimaliza mapema, majani yananiweka macho.

Sijachoka na dalia kama nilivyochoka na mafumbo ya tulipu, na nadhani sababu iko kwenye mmea wenyewe. Mimea mingi ina seti mbili za kromosomu. Dalia ya bustani ina nane, ndiyo maana mbegu za ua moja zinaweza kuzaa watoto wasiofanana na mama yao wala wao kwa wao. Mbegu zilipotumwa kutoka Meksiko kwenda bustani ya mimea ya Madrid mwaka 1789, wafugaji wa maua wa Ulaya walipata kitu cha kuchezea, na mpaka leo hawajaacha. Meksiko yenyewe iliitangaza dalia kuwa ua la taifa mwaka 1963.

Sasa malalamiko, ambayo yanahusu mafumbo ya dalia kwa jumla mtandaoni. La kwanza ni dalia za bluu. Hakuna dalia ya bluu halisi. Wafugaji wameitafuta miaka mingi wakaishia kwenye zambarau na urujuani. Ukikutana na fumbo la dalia ya bluu kama anga, jua rangi imepakwa kwenye kompyuta, na kawaida kazi hiyo inaharibu mishipa ya petali, ambayo ndiyo unayoihitaji ili kupanga. La pili ni nyekundu kali. Kamera nyingi zinalemewa na nyekundu ya dalia kwenye jua, petali zinageuka doa moja bamba lisilo na mstari. La tatu linaniudhi zaidi: wapakiaji wengi wanaandika tu "ua zuri" bila jina la aina. Umekaa saa nzima na ua, unataka kulijua, halafu unaachwa hivyo hivyo.

Kuhusu chombo cha kuchezea, simu inafaa hadi vipande sitini hivi, baada ya hapo kidole kinafunika kile unachokitafuta. Tableti ndiyo bora. Kompyuta yenye kipanya ni ya vipande mia tatu, na hapo tandaza vyote kwenye skrini nzima, kwa sababu trei ya pembeni inaonyesha vichache mno kwa wakati mmoja na petali za dalia zinahitaji kulinganishwa zikiwa nyingi.

Kama unazo dalia bustanini, tengeneza mafumbo yako mwenyewe. Piga picha siku ya mawingu ili nyekundu na nyeupe zisiungue. Sogea mpaka maua yajaze fremu hadi pembeni, na chagua tuta lenye aina zilizochanganyika, pomponi karibu na kaktasi, njano karibu na zambarau. Ua moja au mawili yaliyonyauka yaache humo humo, yanatoa alama za kushika. Kisha uandike jina la kila aina kwenye kichwa cha fumbo kabla hujalipakia.