Kahuzi-Biega: kupanda mlima au kufuata gorila?

Ukitoka mji wa Bukavu asubuhi, kituo cha Tshivanga cha Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kiko kilometa 30 hivi. Swali ni utumie siku yako namna gani.

Kahuzi, volkeno iliyozimika yenye mita 3,308, inataka miguu na mapafu. Unapita msitu, kisha mianzi, kisha vichaka vya baridi karibu na kilele. Mvua ikinyesha, njia inateleza vibaya. Juni hadi Agosti ndiyo nafuu. Beba koti, maana juu baridi haina huruma.

Gorila ni jambo lingine. Hawa wa aina iitwayo Grauer wanaishi Kongo hii tu, hakuna nchi nyingine. Wafuatiliaji wanasoma nyayo na majani yaliyovunjwa, nawe unafuata panga lao vichakani, bila kujua mtatembea kwa muda gani. Mwenye mafua abaki nyumbani: ugonjwa wetu unaweza kuua familia nzima ya gorila.

Mimi ningeanza na gorila. Mlima hauhami, wao wako hatarini kweli.

Lakini tangu vita vifike Bukavu Februari 2025, usipange lolote kabla ya kuuliza kama njia ni salama.