Ukuta mtupu wa sebule: khanga kwenye fremu imeishinda stika ya kubandika

Habari za wakati huu, watazamaji wangu. Nyuma yangu ni ukuta wa sebule yangu hapa Dar es Salaam, ukuta wa matofali ya saruji uliopigwa plasta na kupakwa rangi ya maji, wenye urefu wa mita nne bila dirisha wala mlango. Wengi wenu mmeuona ukiwa mtupu katika video zote za mwaka jana, na mara nyingi mmeniandikia mkiuliza kwa nini mtu anayezungumzia mapambo ya nyumba anauacha ukuta wake hivyo. Leo ninajibu, na jibu langu ni khanga iliyovutwa juu ya fremu ya mbao, kazi ambayo imenigharimu shilingi 19,000 na asubuhi moja tu.

Kabla sijaishika khanga yenyewe, lazima niseme neno kuhusu stika za ukutani zinazouzwa kwa mikunjo, zile zenye picha ya matofali au marumaru, kwa sababu nilianza na hizo na bado nina uchungu nazo. Nilinunua mikunjo mitatu mwezi wa Februari, nikabandika kwa uangalifu, nikafurahi kwa wiki sita. Mvua za masika zilipofika, ukuta ukavuta unyevu, ncha za chini zikaanza kujikunja, na kufikia mwezi wa Mei pande zote mbili zilikuwa zimeachia. Sogeza macho hapa karibu na swichi muone kilichobaki: stika ilipotoka iliondoka na rangi, na mahali pengine ikabandua hata ngozi ya juu ya plasta. Rangi ya maji haiwezi kushindana na gundi ya namna hiyo, na mpangaji ndiye atakayeulizwa na mwenye nyumba siku ya kuhama. Kwenye ukuta wa rangi ya mafuta, au kwenye vigae vya jikoni, stika hukaa vizuri zaidi na huondoka kwa amani, kwa hiyo siwakatazi wenye kuta za aina hiyo. Kwa ukuta kama huu wangu, wa pwani, siipendekezi hata kidogo.

Sasa tuje kwenye khanga. Sitawaeleza khanga ni nini, kwa kuwa kila mmoja wenu amelelewa ndani yake, na ninyi wa Mombasa mnaoiita leso mnaifahamu pengine kuliko mimi. Ninataka mwitazame kwa jicho la mpambaji. Khanga ina pindo linaloizunguka pande zote nne, ina mji, yaani uwanja wa katikati, na ina jina, yaani msemo wake, lililoandikwa upande wa chini wa mji. Maana yake ni kwamba aliyeichora alikwisha kuipa fremu yake tangu kiwandani. Kitenge hakina sifa hiyo. Kitenge ni maua yanayoendelea mpaka unapokikata, na ukikitundika ukutani kinaonekana kama kipande kilichobaki kwa fundi cherehani. Nimejaribu vyote viwili kwenye ukuta huu huu, na tofauti ni kubwa.

Jambo la kuangalia kwanza dukani ni jina, na katika hili nina kisa. Khanga ya kwanza niliyoitundika ilikuwa na rangi nzuri mno, nyekundu na nyeusi, na jina lake lilikuwa "Hasidi hana sababu". Niliinunua kwa ajili ya rangi. Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye ninamheshimu, aliingia kunisalimu, akaketi kwenye kochi lile, akaisoma taratibu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hasidi ni nani humu ndani?" Nilimwomba radhi na jioni ile ile nikaishusha. Khanga inayovaliwa hupita, lakini ya ukutani humkabili kila anayeketi, na kijembe kilichokusudiwa kwa mtu mmoja humpata kila mgeni. Ya sasa inasema "Mgeni njoo mwenyeji apone", na yule mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuisifu.

Khanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyoungana, na doti hii nimeinunua Mtaa wa Uhuru kwa shilingi 13,000. Kipande kimoja kinakwenda ukutani, na cha pili mnaweza kukiweka chumbani au kugawana gharama na ndugu, ndiyo maana katika hesabu yangu ninaandika shilingi 6,500 tu. Kwa ajili ya fremu nilikwenda Keko, wanakotengeneza samani, nikanunua mbao mbili nyembamba za inchi moja kwa mbili, kila moja futi 12, kwa shilingi 7,000 zote mbili. Mbao ya kwanza inatoa pande mbili ndefu za sentimita 150, ya pili inatoa pande mbili fupi za sentimita 110 pamoja na mbao ya kati, na mabaki ni machache sana. Msiiache hiyo mbao ya kati. Kitambaa kikivutwa sawasawa kina nguvu ya kuzikunja pande ndefu ziingie ndani, na fremu isiyo na mbao ya kati hufanana na kiuno cha nyigu baada ya mwezi mmoja.

Fremu ikishapigiliwa, ipimeni kutoka pembe hadi pembe. Kwa vipimo hivi vyangu ulalo ni sentimita 186, na ulalo wa pili lazima uwe hizo hizo 186. Kama mmoja ni 184 na mwingine ni 188, fremu imelala upande, na kosa hilo halisahihishwi na kitambaa. Isukumeni kwa mkono ile pembe iliyochomoza mpaka vipimo vilingane, ndipo mkaze misumari.

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ninawaomba mnivumilie nikiwa mwepesi wa maneno na mzito wa vitendo, kwa sababu pindo ndilo linaloifanya kazi hii iwe nzuri au iwe aibu. Ukiizungushia khanga nyuma ya fremu moja kwa moja, sentimita nne au tano za pindo zinapotelea nyuma kila upande, na unachobaki nacho mbele ni pindo lililoliwa. Mimi nimefanya hivi: nimenunua mita moja ya marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kwa shilingi 3,000, nikaikata vipande virefu vya upana wa sentimita kumi, nikavishonea kwenye kingo nne za khanga. Marekani ndiyo inayozunguka nyuma na kupigwa pini za stepla. Khanga yote, mpaka mstari wa mwisho wa pindo, inabaki mbele.

Angalieni sasa. Ninaikunja khanga nusu kwa nusu, ninaminya kwa kucha mahali pa mkunjo, juu na chini, ili nipate alama ya katikati. Kisha ninafanya vivyo hivyo kwa upande wa pili. Ninaitandaza sakafuni uso ukiwa chini, ninaiweka fremu juu yake, ninalinganisha alama ya kucha na alama ya penseli niliyoichora katikati ya mbao. Pini ya kwanza inaingia katikati ya upande wa juu. Ninahamia upande wa chini, ninavuta kwa kiganja chote wala si kwa ncha za vidole, kwa sababu vidole huvuta nyuzi chache na kuacha mikunjo midogo kama ya paji la uso, halafu ninapiga pini ya pili katikati. Kisha katikati ya kulia, kisha katikati ya kushoto. Sasa kitambaa kimeshikwa kama msalaba. Kutoka hapo ninakwenda kuelekea pembe, pini moja juu, pini moja chini, moja kulia, moja kushoto, kila moja umbali wa vidole vinne kutoka iliyotangulia, na pembe ninaziacha mpaka mwisho kabisa.

Niliwahi kuanza na pembe, kwa kudhani ni rahisi zaidi, na ile fremu ninayo hapa muione. Tazameni pindo la juu: limepinda katikati kama upinde, na jina linapanda kuelekea kulia kana kwamba limeandikwa kwenye kilima. Sababu ni kwamba pembe ikishashikwa, kila ukivuta unavuta kimshazari, na nyuzi za kitambaa, ambazo zilifumwa zikikatana kwa pembe mraba, zinalala. Hakuna pasi itakayolinyoosha pindo hilo. Itanibidi nizing'oe pini zote, na nitaipiga upya wiki hii.

Stepla ninayotumia ni ile kubwa ya mafundi makochi. Sikuinunua, fundi wa mtaani kwetu ameniazima, nami nimenunua pini zangu kwa shilingi 2,000. Kama mnataka kuwa na yenu, msichukue ile nyepesi ya plastiki, kwani pini zake hazizami kwenye mbao ngumu, na mtatumia muda mwingi na nyundo mkizimalizia.

Mtazamaji mmoja aliuliza katika video iliyopita kama khanga ifuliwe kwanza. Nilijibu kwamba ifuliwe, na leo ninabadilisha kauli yangu. Khanga mpya ina wanga unaoinyoosha, na kwa kuwa haijafuliwa, hurudi kidogo inapolowa. Hilo linaweza kutusaidia. Baada ya kupiga pini zote ninanyunyiza maji kidogo kwa upande wa nyuma, ninaisimamisha kivulini, na ikikauka inakuwa imejikaza zaidi ya nilivyoweza kuivuta kwa mkono. Gongeni kwa kidole, inalia kama ngoma ndogo. Jaribuni kwanza pembeni kwa kitambaa cheupe kilicholowa, muone kama rangi inachuja. Ikiwa inachuja, acheni maji kabisa.

Kuna wanaosema ukuta upambwe kwa picha ya Tingatinga, nami ninazipenda mno picha hizo. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mchoraji aliyeuanzisha mtindo huo na kufariki mwaka 1972, alichora juu ya hadibodi kwa rangi ya kupakia baiskeli, vitu vya bei nafuu kabisa, hapa hapa Dar es Salaam. Lakini picha nzuri ya mchoraji wa leo ina bei inayostahili jasho lake, na picha moja ndogo haiwezi kuujaza ukuta wa mita nne. Nunueni moja kwa ukuta mdogo wa kuingilia, na mlipeni mchoraji bei yake. Mkeka wa ukindu nao unapendeza, ingawa unahifadhi vumbi kwenye misuko yake. Sahani je? Kutia vyombo ukutani ni desturi yetu ya kale. Nyumba za mawe za Lamu zina zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zilizojengwa kwa ajili hiyo, na makaburi ya Kunduchi, upande wa kaskazini wa jiji hili, yana nguzo zilizopachikwa bakuli za kutoka China. Sahani nitazipa video yake, kwa kuwa namna ya kuzitundika bila kuzitoboa inahitaji maelezo marefu. Video ya mapazia niliyowaahidi inakuja kabla ya hiyo.

Tuitundike sasa. Msumari wa kawaida hupinda kwenye ukuta wa saruji, kwa hiyo ninatumia misumari miwili ya zege, shilingi 500, iliyo umbali wa sentimita 100. Ninabandika kipande cha selotepu ya karatasi mahali pa kugonga ili plasta isipasuke, ninahakikisha mstari kwa pima maji, na ninagonga mapigo mafupi. Ukingo wa chini wa fremu nimeuweka sentimita 20 juu ya mgongo wa kochi, la sivyo vichwa vya wageni vitaliziba jina. Wale ambao mwenye nyumba hataki kusikia mlio wa nyundo, tumieni njia nyingine: wekeni fremu juu ya kabati refu, iegemee ukuta, nayo inapendeza vile vile.

Rudini nyuma kidogo pamoja na kamera. Pindo la chini limelingana na mgongo wa kochi kutoka kushoto hadi kulia, rangi ya chungwa ya mji imeamsha ile krimu ya ukuta ambayo nilikuwa nimeichoka, na kutoka mlangoni, hatua sita, jina linasomeka lote.

Swali la mwisho mlilonitumia wengi linahusu vumbi na usafi. Kila wiki ninapitisha brashi laini. Mwakani nikitaka kuibadilisha, nitazing'oa pini kutoka kwenye marekani, nitaufumua mshono, na khanga itatoka bila tundu hata moja, kwa kuwa hakuna pini iliyoigusa. Nitaifua, nitaianika, na asubuhi yake nitajifunga.